Kwa nini afisa lishe husita ukimwonyesha kopo la virutubisho

Mama mdogo wangu alifanyiwa upasuaji wa goita akiwa bado kijana, na tangu siku hiyo humeza kidonge kimoja cha homoni ya tezi kila alfajiri. Anaishi Makambako, analima, anafuga, na baridi ya kule hajawahi kuilalamikia. Miaka miwili iliyopita magoti yakaanza kumsumbua. Akapita mtu mtaani kwao na semina ya afya, akamuuzia kopo la vidonge vikubwa vya kahawia: vitamini za kila namna, kalsiamu, madini chuma na unga wa mwani wa baharini. Baada ya miezi kama mitatu mama mdogo akawa mchovu, uso umemvimba kidogo, na ile baridi aliyoizoea ikaanza kumwingia hadi kwenye mifupa. Muuzaji akamwambia huo ni mwili unatoa sumu, aongeze dozi.

Alipokuja Mbeya kututembelea nilimpeleka kwa afisa lishe, kopo mkononi. Yule dada aliligeuza, akasoma mbele na nyuma, akauliza, "Mama, kuna dawa nyingine unayotumia?" Alipotajiwa kidonge cha tezi akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sitaki nikudanganye. Naomba nipige picha hii lebo, nizungumze na mfamasia, kesho nikupigie." Tulipotoka mama mdogo alinung'unika njia nzima hadi Kabwe tulipopanda daladala. "Aliyeniuzia alijibu yote papo hapo. Huyu amesoma hadi chuo kikuu, anashindwa na kidonge?"

Swali lake ni la haki, na najua halikuwa lake peke yake. Nimejaribu kulifuatilia, maana majibu yake yanagusa namna wataalamu wa lishe wanavyofundishwa, hapa kwetu na hata kwenye nchi zenye fedha nyingi.

Kwanza tuyapange maneno, kwa sababu biashara imeyavuruga. Virutubishi ni vile vilivyomo ndani ya chakula: wanga, protini, mafuta, vitamini, madini. Virutubisho, kwa matumizi ya mtaani siku hizi, ni bidhaa: kidonge, unga au matone yaliyotengenezwa ili kuongezea kile ambacho chakula hakikutosha kuleta. Liko pia neno "dawalishe", na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana ni ndumilakuwili. Likitaka kuuzwa linajiita dawa. Likiulizwa ushahidi wa dawa linasema mimi ni chakula tu.

Lakini tusivitie virutubisho vyote kapu moja. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto kila baada ya miezi 6 ni kirutubisho: yuniti 100,000 kwa mwenye miezi 6 hadi 11, yuniti 200,000 kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki ya wajawazito, vyenye madini chuma na asidi ya foliki, ni kirutubisho. Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunayo historia yetu wenyewe. Milima yetu ilikuwa miongoni mwa sehemu za nchi zilizoathirika zaidi na goita kwa sababu udongo uliooshwa na mvua kwa karne nyingi hauna madini joto ya kutosha. Katika miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye madini joto vilianza kugawiwa kwenye wilaya zilizoathirika vibaya, na miaka ya 1990 chumvi yenye madini joto ikachukua nafasi yake. Shingo ya mama mdogo ni ya kizazi kilichotangulia chumvi hiyo. Yaani kirutubisho sahihi, kwa tatizo lililopimwa, kwa kiasi kinachojulikana, kwa muda unaoeleweka, kimeokoa watu wengi hapa hapa kwetu.

Basi kwa nini mtaalamu anasita mbele ya kopo? Kwa sababu swali la "nitumie hiki?" lina elimu tatu ndani yake, na chuo kilimpa moja kwa kina, ya pili kwa juu juu, ya tatu kidogo sana.

Elimu ya kwanza ni ya mwili na chakula: mwili unahitaji nini, kiasi gani, katika umri gani, na dalili za upungufu ni zipi. Hapo afisa lishe yuko nyumbani. Wengi wa maafisa lishe wa halmashauri zetu wamepitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na wamesoma biokemia ya lishe, lishe ya mama na mtoto, tathmini ya hali ya lishe na lishe ya jamii. Wakishaajiriwa, kazi inawapeleka huko huko. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa watoto wa chini ya miaka 5 ni asilimia 30 nchi nzima. Iringa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa kama asilimia 50 kila mmoja. Mikoa inayoilisha nchi mahindi ndiyo yenye watoto wengi waliodumaa. Tangu mwaka 2017 wakuu wa mikoa wametia saini Mkataba wa Lishe, na utendaji wao katika lishe hupimwa. Kwa hiyo siku ya afisa lishe huenda kwenye utepe wa kupima mkono, mizani, kadi za kliniki, uji wa ulezi, na kikao cha kata kule juu Makete ambako pikipiki huteleza kwenye tope. Kazi hiyo anaijua nje ndani. Mtu mzima mwenye kopo la shilingi laki moja na nusu hayumo kwenye fomu yake ya taarifa.

Iringa ina sifa yake katika elimu hii. Mradi wa lishe ulioanza huko mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, fedha zikitoka Italia, uliingia vijiji 168 na mwendo wa hatua tatu: tathmini, chambua, chukua hatua, kisha rudi utathmini tena. Wanakijiji wenyewe walipima watoto wao, wakajiuliza kwa nini huyu hakui, wakaamua la kufanya. Mawazo yaliyokomaa Iringa yaliingia katika mkakati wa lishe wa UNICEF wa mwaka 1990 na yakasambaa duniani. Nautaja mradi huu kwa makusudi, nitaurudia.

Elimu ya pili ni ya bidhaa yenyewe. Ndani ya kopo kuna nini hasa? Hapa hata hesabu ya kawaida inaweza kumwangusha aliyesoma. Kidonge kilichoandikwa salfeti ya chuma miligramu 200 hakina miligramu 200 za chuma. Kina kama 65, kwa sababu uzito uliobaki ni wa chumvi iliyobeba hicho chuma. Kwa mjamzito, Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma halisi kwa siku pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Asiyetofautisha chumvi na chuma halisi atakosea mara tatu. Vitamini D huandikwa kwa mikrogramu kwenye kopo moja na kwa yuniti kwenye jingine, na mikrogramu 1 ni yuniti 40. Vitamini A nayo ina hesabu yake, na kwa mjamzito si hesabu ya kuchezea: aina ya retinoli ikizidi yuniti 10,000 kila siku inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Sasa fikiria mjamzito anayetumia makopo mawili ya kampuni mbili, na yote mawili yana vitamini A, na kila muuzaji anajua la kwake tu.

Zaidi ya lebo kuna kile ambacho lebo haikukitaja. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imetoa maonyo mengi juu ya bidhaa za "nguvu za kiume" zilizokutwa na sildenafili, ambayo ni dawa, na za kupunguza uzito zilizokutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo. Bidhaa imeandikwa "asilia", ndani yake imechanganywa dawa ya kiwandani. Hakuna somo la lishe linaloweza kumfundisha mtu kuliona hilo kwa macho. Ni maabara tu.

Na nani anaisimamia? Marekani, sheria ya mwaka 1994 iliviweka virutubisho upande wa chakula, hivyo mtengenezaji hahitaji kibali cha kuthibitisha kwamba bidhaa inafanya kazi kabla ya kuiuza. Kwetu, hadi mwaka 2019 chakula na dawa vilikuwa chini ya mamlaka moja, TFDA. Mwaka huo majukumu ya chakula yakahamia Shirika la Viwango, TBS, na dawa na vifaa tiba vikabaki na TMDA. Tiba asili ina baraza lake chini ya sheria ya mwaka 2002. Kopo moja lenye vitamini, mitishamba na madai ya kutibu kisukari linagusa milango yote mitatu. Mtaalamu akikuambia "nichunguze kwanza bidhaa hii iko upande gani", anafanya kazi ambayo muuzaji hakuifanya.

Elimu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo iliyomnyamazisha yule dada: kirutubisho kinapokutana na dawa tumboni.

Madini kama kalsiamu, chuma, zinki na magnesiamu yana tabia ya kuzishika baadhi ya dawa utumboni, zikatoka nazo bila kuingia kwenye damu. Mtu amemeza dawa yake kwa uaminifu, saa ile ile kila siku, lakini mwili haukuipata yote. Kidonge cha homoni ya tezi ni mojawapo: kalsiamu na chuma vinapaswa kukaa mbali nacho kwa saa 4. Baadhi ya antibiotiki nazo hushikwa hivyo hivyo.

Mfano unaonigusa zaidi kwa mikoa hii ni wa dawa za kufubaza VVU. Utafiti wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima kitaifa ni asilimia 4.4, lakini Njombe ni 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Dozi inayotumiwa na wengi leo ina dolutegraviri ndani yake, dawa nzuri sana, na ni mojawapo ya zile zinazoshikwa na madini. Maelekezo yake ni kwamba imezwe saa 2 kabla ya vidonge vya chuma au kalsiamu, au saa 6 baada yake; vikimezwa pamoja na dawa, basi iwe pamoja na chakula. Vidonge vya kiungulia vyenye magnesiamu au aluminiamu havina nafuu hiyo ya chakula, lazima vitenganishwe. Sasa mchukue mjamzito wa Wanging'ombe anayetumia dawa hizo, anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, na shemeji yake amemletea kopo la kalsiamu kutoka mjini. Kila aliyempa kitu amempa kwa nia njema. Nani amekaa naye akapanga saa? Dawa ya kila mmoja iko kwenye daftari lake, na kopo la shemeji haliko kwenye daftari la mtu yeyote.

Mfamasia amefundishwa mwingiliano wa dawa, lakini kwa kawaida haulizwi habari za chakula. Daktari anajua ugonjwa, na foleni ni ndefu. Afisa lishe anajua chakula, na famasia si kiini cha masomo yake. Muuzaji hana hata kimoja kati ya hivyo, ila ana muda wa kukaa na mgonjwa saa nzima. Muda huo ndio watu huusoma kama ujuzi.

Msidhani pengo hili ni la Tanzania peke yake. Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2024, mtu hawezi kufanya mtihani wa usajili wa mtaalamu wa lishe tiba bila shahada ya uzamili, na lazima awe amefanya mazoezi ya kazi chini ya usimamizi kwa saa 1,000 au zaidi. Hata hivyo mada ya virutubisho mara nyingi huingizwa ndani ya masomo mengine badala ya kusimama kama somo kamili. Wataalamu wa lishe wanapoulizwa katika tafiti za nchi kama hiyo, jambo moja hujirudia: wanajiamini zaidi kwenye vitamini na madini, na wanapungukiwa kujiamini wanapofika kwenye mitishamba na mwingiliano wake na dawa. Naona huko ni kujitambua. Wanajiamini pale walipofundishwa, wanasita pale ambapo hawakufundishwa.

Kujiamini na kujua havitembei pamoja sikuzote, na sayansi yenyewe imeumizwa na hilo. Watu wenye elimu kubwa waliamini kwamba beta-karotini, ile inayoipa karoti rangi, ikiwekwa kwenye kidonge itawakinga wavutaji sigara na saratani ya mapafu. Finland wakaijaribu kwa wanaume 29,133 wavutaji, miligramu 20 kwa siku. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha saratani ya mapafu imeongezeka kwa asilimia 18 kwa waliomeza.

Ya kwetu yanauma zaidi, na nadhani kila afisa lishe wa nchi hii angepaswa kuyafundishwa kwa kina. Pemba, watoto wadogo walipewa madini chuma na asidi ya foliki katika jaribio kubwa. Sehemu hiyo ilisitishwa mwaka 2003, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 2006: penye malaria nyingi kiasi kile, waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kulazwa. Chuma hicho hicho, kwa mtoto mwenye upungufu, aliyekingwa na kutibiwa malaria, kinasaidia. Dar es Salaam, jaribio lililochapishwa mwaka 2004 lilionyesha vitamini za kundi B pamoja na C na E zikichelewesha makali ya VVU kwa kina mama waliokuwa bado hawana dawa za kufubaza. Lakini dozi kubwa ya vitamini hizo hizo ilipojaribiwa kwa watu zaidi ya 3,400 waliokuwa wanaanza dawa, haikuongeza faida juu ya dozi ya kawaida, vipimo vya ini vikapanda, na jaribio likasitishwa kabla ya wakati. Hayo yalichapishwa mwaka 2012. Kirutubisho kile kile, nchi ile ile, na jibu limegeuka kwa sababu mtu na wakati vimegeuka. Anayetoa jibu moja kwa ukumbi mzima wa semina ameshakosea kabla hajafungua kopo.

Basi afisa lishe afundishwe nini? Nisingemwongezea orodha ya vitamini za kukariri, hizo anazo. Ningemrudisha kwenye zile hatua tatu za Iringa, safari hii meza ikiwa na kopo. Tathmini: mgonjwa aje na kila anachomeza, pamoja na unga wa mlonge na chupa ya mzee wa mitishamba, na aulizwe bila kuonewa, kwa sababu akionewa ataficha. Chambua: je, upungufu umepimwa au umedhaniwa? Mwenye damu pungufu kule Tukuyu au Mufindi anayeshushia kila mlo kwa chai ya rangi anaweza kusaidiwa sana kwa kuisogeza chai mbali na chakula, kwa kuwa chai huzuia chuma cha mboga na maharage, na kwa kuongeza chungwa au pera linalokisaidia kuingia. Chukua hatua: mfamasia apigiwe simu, saa zipangwe, yaandikwe kwenye faili, na mgonjwa apewe tarehe ya kurudi.

Hilo la simu ndilo ningelipigania zaidi. Mbeya kuna hospitali ya rufaa ya kanda na chuo kinachofundisha madaktari, wafamasia wapo. Mwanafunzi wa lishe akikaa wiki mbili tu kwenye dirisha la dawa la kliniki ya VVU au ya kisukari, akaona kinachotokea pale, atatoka na maswali ambayo hakuna kitabu kitampa. Ataona, kwa mfano, kwamba metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na kwamba mgonjwa huyo huenda ndiye mwenye haki ya kirutubisho ambacho hakuna aliyewahi kumpa.

Yule dada alipiga simu kesho yake saa nne asubuhi. Alimweleza mama mdogo kwamba kalsiamu na chuma cha kwenye lile kopo huenda vinakishika kidonge chake cha tezi, na kwamba ule mwani umejaa madini joto ambayo kwa mtu aliyetolewa tezi hayana pa kufanyia kazi. Akamwomba aliweke kopo pembeni, asiguse dozi ya kidonge cha tezi, na arudi kwa daktari wake kupima homoni. Vipimo vikaonyesha homoni iko chini. Dozi haikubadilishwa, kopo ndilo lililoondoka, na miezi miwili baadaye kipimo kikarudi mahali pake.

Mama mdogo sasa humeza kidonge alfajiri kwa maji, akasubiri saa nzima ndipo anywe chai. Magoti bado yanamsumbua, na kwa hayo anafanya mazoezi aliyoonyeshwa hospitali. Mwezi uliopita jirani yake alimwonyesha kopo jipya. Akamuuliza, "Na dawa za presha umezitaja kwa huyo aliyekuuzia?" Jirani akasema hakuulizwa. Mama mdogo akaenda ndani kuitafuta namba ya yule dada.